Baiti nane za Dirty Pipe, na kiraka kinachosubiri seva iwashwe upya

Kuna sentensi moja ninayoisikia mara kwa mara kutoka kwa wateja ninaowatunzia seva hapa Dar es Salaam: "Huo mwanya ni wa ndani tu, mtu wa nje haufikii." Wanamaanisha kwamba mshambuliaji lazima kwanza awe na mguu ndani ya mashine ndipo autumie, kwa hiyo kiraka chake, yaani marekebisho ya kuuziba, kinaweza kungoja. Mimi sikubaliani nao hata kidogo, na sababu zangu zinaonekana vizuri kwenye mwanya wa mfumo endeshi wa Linux uliotangazwa tarehe 7 Machi 2022 kwa namba CVE-2022-0847, ambao wengi tunaujua kwa jina la Dirty Pipe.

Kwanza tutazame kile tunachokitegemea kila siku. Andika `ls -l /etc/passwd`, uone ruhusa za faili lenye orodha ya watumiaji wa mashine, na mstari utaanza hivi: `-rw-r--r--`. Yaani root, msimamizi mkuu wa mashine, anasoma na kuandika, wengine wote wanasoma tu. Kusoma wanahitaji kweli, maana hata `ls` yenyewe hulichungulia faili hilo ili igeuze namba ya mtumiaji kuwa jina. Lakini herufi zile hazimzuii mtu. Ni maandishi yaliyowekwa pamoja na faili, basi. Anayezuia ni keneli, kiini cha mfumo endeshi: programu ikiomba kufungua faili, keneli ndiyo inayosoma ruhusa na kuamua. Siku keneli ikikosea, ruhusa zako zote zinakuwa kama kufuli lililochorwa mlangoni kwa chaki.

Aliyegundua kosa hili ni Max Kellermann, mtengenezaji wa programu nchini Ujerumani, na hakuwa akitafuta mianya ya usalama. Mwezi Aprili 2021 mteja wa kampuni yake alilalamika kwamba faili la logi (kumbukumbu za matukio ya seva) alilopakua halifunguki. Lilikuwa limebanwa kwa gzip, programu ya kupunguza ukubwa wa mafaili, na gzip ilidai hesabu ya uhakiki mwishoni mwa faili haikuwa sawa. Kellermann alirekebisha kwa mkono akaendelea na kazi. Baada ya miezi tatizo likarudi, kisha likarudi tena. Kila mara logi yenyewe ilikuwa nzima. Kilichoharibika ni mkia tu. Na mengi ya mafaili hayo yalikuwa ya siku ya mwisho ya mwezi.

Alipoyapanga na kuyalinganisha, aliona yote yanaishia kwa baiti nane zilezile:

`50 4b 01 02 1e 03 14 00`

Hapa ndipo ninapomvulia kofia. Faili la gzip humalizika kwa baiti nane: nne za uhakiki, nne za urefu. Nane hizi alizoziona hazikuwa takataka. `50 4b` ni herufi P na K, alama ya mafaili ya ZIP, na `01 02` inayofuata ni mwanzo wa faharasa ambayo ZIP huiweka mwishoni. Na kweli, kampuni ilikuwa na huduma iliyokusanya logi za mwezi mzima na kumpa mteja kama ZIP moja. Kwa hiyo mwanzo wa faharasa ya ZIP ulikuwa umeingia ndani ya logi. Ila programu iliyotengeneza ZIP ilikuwa na ruhusa ya kusoma logi tu. Kuandika humo haikuruhusiwa kamwe.

Ili kuelewa ilivyowezekana, inabidi tuingie kwenye kumbukumbu ya mashine. Keneli haisomi diski kila mara. Faili likisomwa, vipande vyake huwekwa kwenye kumbukumbu katika kurasa za baiti 4096, na kila programu inayolisoma faili hilo hutumia kurasa zilezile. Kando ya hilo kuna bomba, njia ya kupitisha data kutoka programu moja hadi nyingine. Ukiandika baiti chache kwenye bomba, keneli haipotezi ukurasa mzima kwa ajili yake. Baiti zinazofuata inaziongeza pale zilipoishia za kwanza, mradi nafasi hiyo ya bomba ina alama inayosema "ruksa kuongeza hapa".

Halafu ipo amri ya `splice`. Yenyewe, badala ya kunakili faili kuingia kwenye bomba, hulipa bomba rejeo la ukurasa uleule ulioko kwenye kumbukumbu. Ni haraka sana, na ndiyo maana huduma ile iliitumia. Ukurasa ulioingia kwa njia hiyo haupaswi kuwa na alama ya kuongeza, kwa sababu si mali ya bomba, ni mali ya faili. Lakini msimbo ulioweka rejeo hilo ulisahau kufuta alama iliyobaki kutoka matumizi ya awali ya nafasi ileile. Ni kama kumwazima mtu daftari lako alisome, kumbe juu ya ukurasa kumebandikwa karatasi ya zamani inayosema "endelea kuandika hapa". Huduma ile ilipitisha logi kwa `splice` bila zile baiti nane za mkia, kwa kuwa ZIP haizihitaji, kisha ikaandika faharasa yake kwenye bomba. Keneli ikaona alama, ikaongeza baiti palepale, ndani ya ukurasa wa faili la logi. Zilitosha nane tu, kwa sababu faili lilikuwa limefika mwisho.

Kellermann alithibitisha kwa programu mbili fupi sana. Moja iliandika herufi A kwenye faili. Nyingine ililisoma faili kwa `splice`, kisha ikaandika herufi B kwenye bomba. Herufi B zikaanza kujitokeza ndani ya faili. Hapo swali likabadilika: si tena kuhusu logi mbovu, maana mtu yeyote mwenye ruhusa ya kusoma faili aliweza kuliandika.

Kusahau kule kuliingia mwaka 2016 na toleo la 4.9, na wakati huo hakukuwa na madhara. Mwaka 2020, katika toleo la 5.8, msimbo wa mabomba ulisafishwa na haki ya kuongeza ikageuzwa kuwa alama ndani ya nafasi ya bomba. Mabadiliko ya pili yalikuwa kazi safi. Yalikuta tu pengo la miaka minne nyuma yake.

Na kiraka? `buf->flags = 0;` Mstari huo wa kufuta alama iliyobaki, katika sehemu mbili za faili moja la msimbo. Taarifa iliwafikia watu wa usalama wa keneli tarehe 20 Februari 2022, na tarehe 23 matoleo 5.16.11, 5.15.25 na 5.10.102 yakatoka yakiwa na dawa. Siku tatu. Upande wa waandishi wa msimbo kazi ilifanywa vizuri mno.

Kinachonikosesha usingizi ni upande wetu. Uandishi wa Dirty Pipe hufanyika kwenye kumbukumbu, na keneli haiutambui kama badiliko, kwa hiyo kwa kawaida hauandikwi kwenye diski. Mtu anaweza kubadili baiti chache za `/etc/passwd`, akajipa uwezo wa root, akafanya alilokuja kulifanya, na mashine ikizimwa ushahidi ukatoweka. Atakayekagua diski baadaye atakuta faili ni zima. Hata mfumo wa mafaili uliofungwa kwa kusoma tu haukusaidia. Ni kweli kulikuwa na mipaka: mshambuliaji hakuweza kugusa baiti ya kwanza ya ukurasa, wala kurefusha faili. Baiti chache katikati zinatosha.

Sasa rudi kwenye ile sentensi ya "wa ndani tu". Tovuti yako ya PHP ikiwa na fomu ya kupandisha picha isiyokagua vizuri, anayeingia kupitia hiyo fomu anaendesha amri kama `www-data`, akaunti inayotumiwa na programu ya tovuti. Huyo ni mtumiaji wa ndani. Mwanafunzi mwenye akaunti kwenye seva ya maabara ni wa ndani. Kontena za Docker, vyumba vya kuendeshea programu zikiwa zimetengwa, nazo hutumia keneli moja ya mashine mama, na kusasisha vifurushi ndani ya kontena hakuigusi keneli hiyo.

Machi ile nilimpigia mteja mmoja mwenye seva kadhaa za Debian 11, mojawapo ya mifumo ya Linux. "Kaka, mbona tulishasasisha zote?" akanijibu, na hakudanganya. `dpkg -l`, amri ya kuorodhesha vifurushi vilivyosakinishwa, ilionyesha keneli mpya, 5.10.92-2, imeshasakinishwa. Nikamwomba aandike `uname -v`, inayoonyesha keneli iliyo kazini. Ikatoka `#1 SMP Debian 5.10.46-4`. Mashine ilikuwa haijazimwa kwa zaidi ya miezi sita. Keneli yenye dawa ilikuwa imelala kwenye diski, na iliyokuwa kazini ni ile ya siku ya kwanza. Wala haikuwa uzembe: umeme uliwahi kukatika, hifadhidata ikachukua asubuhi nzima kurudi, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kuzima chochote.

Utaona pia kwamba 5.10.92 ni ndogo kuliko 5.10.102 niliyoitaja juu. Debian waliichukua dawa wakaipandikiza kwenye toleo walilokuwa nalo, na hiyo `-2` ya mwishoni ndiyo inayobeba habari. Kwa hiyo usilinganishe namba za kernel.org, tovuti ya waandishi wa keneli, na za mashine yako. Linganisha na tangazo la usalama la waliokutengenezea mfumo. Na kwenye Debian usitegemee `uname -r`, maana hapo ilionyesha 5.10.0 tu na tarakimu ya kifurushi.

Kiraka chenyewe nacho hukaguliwa. Dirty COW, mwanya mwingine wa kuandika mafaili ya kusoma tu, ulikaa kwenye keneli kwa miaka mingi hadi Oktoba 2016, na Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliandika waziwazi kwamba aliwahi kujaribu kuurekebisha miaka 11 nyuma, vibaya. Hata kiraka cha 2016 kiliacha upenyo kwenye kurasa kubwa za kumbukumbu, ukazibwa mwishoni mwa 2017.

Kwa yule mteja tulipanga Jumapili, saa kumi alfajiri. Tulichukua nakala ya hifadhidata, tukaizima kwa utaratibu, tukawasha upya seva moja baada ya nyingine. Ya mwisho ilirudi ndani ya dakika nne. Aliandika `uname -v` mwenyewe, akanisomea tarakimu kwa simu: tano, kumi, tisini na mbili, kistari, mbili.