Kwenye kona hakuna anayekusukuma nje

Daladala ikikata kona ya kushoto kwa kasi, abiria hulalia kulia, na wengi husema kuna nguvu iliyowasukuma nje. Ukiitazama kutoka kando ya barabara, nguvu hiyo huioni. Mwili wa abiria ulikuwa ukienda mbele, na kama alivyoeleza mwanafizikia Isaac Newton mwaka 1687, utaendelea hivyo hivyo usipozuiwa. Gari ndilo lililogeuka, mpaka ubavu wake ukamgusa bega na kumsukuma kuelekea katikati ya kona. Hiyo ndiyo kani halisi, yaani nguvu ya kusukuma iliyopo kweli. Gari lenyewe huipata kwenye msuguano wa matairi na lami.

Hesabu yake inatisha kidogo. Gari la kilo 1,000 kwenye kona yenye nusukipenyo cha mita 50 linahitaji kani ya nyutoni 2,000 (nyutoni ni kipimo cha kani) ili ligeuke likienda kilomita 36 kwa saa. Likienda 72, nyutoni 8,000. Lami iliyolowa mara nyingi haitoi kiasi hicho, na gari huserereka likielekea kunyooka.

Kani ya kwenda nje si uzushi mtupu: wahandisi huiingiza kwenye hesabu wanapopima mambo kutoka ndani ya kitu kinachozunguka.