Hujaandika toSeq, sawa, ila Array yako nani kainakili?

Wiki hii nimeisikia tena kwa mtu wa Scala (lugha ya kuandika programu), ambaye Array yake iligeuzwa Seq bila yeye kuandika toSeq, amri ya kugeuza: "mbona sijageuza kitu popote, gharama itoke wapi?" Jamani. Hujaandika wewe, kompaila (inayotafsiri msimbo wako kwa ajili ya mashine) imekuandikia kimyakimya.

Chukua mfano. Una Array (safu ya data) ya Int, yaani namba kamili, milioni moja, fanksheni inataka Seq (mfuatano wa data), unaipachika hivyohivyo na inakubali bila ubishi. Mpaka toleo la 2.12 la Scala ilikuwa inavalishwa ganda tu, data inabaki palepale. Toka 2.13, ile ya 2019, Seq ya kawaida ni isiyobadilika, na Array inabadilika, sasa kompaila itajuaje kwamba hamna mtu ataichezea kwa nyuma? Haijui, inanakili yote. Int moja ni baiti 4, kwa hiyo kila ukiita ni kama megabaiti 4, weka kwenye lupu ya mara 1,000 ushabeba gigabaiti 4 na kazi yenyewe hata hujaianza, halafu unakuja kumlaumu gabeji kolekta, msafisha kumbukumbu! Na msiniambie hakukuwa na onyo, onyo lipo ila mmelizima kwenye seting. Kama una uhakika hamna atakayeigusa tena hiyo Array tumia ArraySeq.unsafeWrapArray inayovalisha ganda bila kunakili, kama huna uhakika andika toIndexedSeq, inayonakili, kwa mkono wako, anayesoma aone gharama ilipo. Ingekuwa amri yangu hilo onyo lingekuwa eror kwenye kila projekti.

Wengine wameruka upande wa pili, eti kila kugeuza ni kunakili. Hapana, asScala, ya kuitumia List ya Java kama ya Scala, ni ganda tu. JavaConversions, iliyokuwa inafanya hayo bila kukuambia, iliondolewa 2.13 na wala siililii.

"List na Array si ni yale yale?" Si yale yale. Kwenye List, list(i), yaani kuchukua kipengele cha namba i, inatembea toka mwanzo, hata length inahesabu mmoja mmoja.

Na ukifuatanisha map (kubadili kila kipengele), filter (kuchuja), map tena, haipiti data mara moja, kila hatua inajenga List nzima mpya, anza na .iterator au .view, zinazokokotoa pale tu unaposoma. Ila view nayo uiangalie: mapValues ya 2.12, ya kubadili thamani za Map (jozi za ufunguo na thamani), ilikuwa inakupa view bila kusema, fanksheni yako inapigwa upya kila ukisoma thamani. Nimewahi kumaliza siku nzima natafuta kwa nini kweri (ombi la data) moja ya databesi inarudiwa rudiwa, kumbe nilikuwa naichapisha tu hiyo Map kwenye logi.