Chango, vidonge vya roomie na maneno ya hosteli

Hosteli za wasichana kila wiki kuna mtu kajikunja kitandani kashika tumbo kwa chango, yaani maumivu ya hedhi, na kila anayeingia chumbani ana dawa yake ya kumpa. Mimi nimemeza vidonge vya watu karibu miaka miwili bila kujua nameza nini, mpaka ikafika hatua tumbo la juu linawaka kuliko hata chango lenyewe, ndo nikaanza kuuliza kama haya maneno ya hosteli ni ya kweli.

"Ni uchafu umeganda, unatakiwa usafishe kizazi." Hapana jamani. Ukikaribia kuingia kwenye siku zako, ukuta wa ndani wa mji wa mimba unatengeneza kemikali zinaitwa prostaglandini, hizo ndo zinaifanya misuli ibane ili damu itoke, zikiwa nyingi inabana mpaka damu haiifikii vizuri hiyo misuli yenyewe, basi maumivu yanashuka kiunoni hadi mapajani, na kuharisha na kichefuchefu cha siku ile vinatoka hukohuko. Hakuna bakteria hapo, kwa hiyo Flagyl na amoksilini ulizobakiza mwezi jana hazina cha kusafisha.

"Usimeze dawa mpaka yakuzidie." Hii inawatesa wengi sana. Ibuprofeni, diklofenaki na asidi mefenamiki zinazuia hizo prostaglandini zisitengenezwe, sasa ukisubiri mpaka unalia zimeshajaa, dawa inakuta kazi imeisha. Anza maumivu yanapoanza au damu inapoanza kuonekana, umeshakula, na ufuate masaa siku mbili tatu za mwanzo. Ibuprofeni ya kununua mwenyewe ni miligramu 200 hadi 400 kila baada ya masaa 6 mpaka 8, isizidi 1200 kwa siku.

"Moja haitoshi, changanya." Hapa ndo mimi niliumia. Ibuprofeni na diklofenaki ni ukoo mmoja, ukimeza zote mbili hupati nafuu mara mbili, unachoongeza ni hatari ya vidonda vya tumbo na figo kuumia. Halafu kuna vile vidonge vya diklofenaki ambavyo ndani vimeshachanganywa na parasetamo, mtu anameza viwili, roomie anamwongezea Panadol mbili, ambazo nazo ni parasetamo, usiku tena hivyohivyo, wakati mwisho wa parasetamo kwa mtu mzima ni gramu 4 kwa masaa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, ukizidisha ini ndo linaumia. Geuza pakiti usome kwa nyuma, dakika moja tu. Kama una vidonda vya tumbo, pumu, shida ya figo au unahisi una mimba, usichukue hizo za ukoo wa diklofenaki kwa mtu, muulize kwanza mfamasia.

Kwamba dawa za maumivu zinaleta ugumba, hapana, za siku mbili tatu kwa dozi yake hazikunyimi mtoto. Maji ya baridi au ndimu kugandisha damu nayo hakuna. Chupa ya maji ya moto juu ya tumbo inasaidia kweli, ifunge kitambaa usije ukaungua.

"Utapona ukizaa." Wengine maumivu hupungua kweli, ila kuzaa sio tiba, na kauli hii inawachelewesha wadada wenye endometriosisi, ugonjwa ambao tishu zinazofanana na za ndani ya mji wa mimba zinaota nje yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria ni kama asilimia 10 ya wanawake walio kwenye umri wa kuzaa, na wengi wanazungushwa miaka kabla ya kujulikana. Kama kila mwezi unakosa test, dawa umemeza kwa dozi yake bado hulali, maumivu yanakuja hata nje ya siku zako au ukienda haja kubwa, au unabadilisha pedi kila saa, nenda hospitali. Andika tarehe, dawa uliyomeza na siku ulizoshindwa kutoka kitandani, maana ukifika mbele ya daktari ukasema tu "naumwa tumbo la hedhi" unaweza kurudishwa na Panadol.