Vichujio vya usalama kwenye ombi la API: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Ukijenga programu inayozungumza na modeli ya akili mnemba kupitia API, yaani njia ambayo programu moja hutuma maombi kwa nyingine, hukosi kukutana na mipangilio ya usalama: mistari michache ndani ya ombi inayotaja maudhui ya aina gani yazuiwe, na kwa kiwango gani. Kwa kuwa mistari ni michache, wengi huinakili kutoka kwenye mfano wa kwanza wanaouona, kisha wakahamia kazi nyingine. Dhana potofu zinazobaki hapo hulipiwa na mtu aliye upande wa pili wa skrini, ambaye hajui hata kama kuna kichujio.

"Ombi likizuiwa, seva italeta kosa na msimbo wangu utalishika."

Naanza na hii kwa sababu madhara yake ni makubwa. Kwenye API ya Gemini, modeli ya Google, ombi lililozuiwa hurudi na hali ya 200, ile ile ya ombi lililofanikiwa. Swali la mtumiaji likizuiwa, jibu huja na sehemu iitwayo promptFeedback yenye sababu ya kuzuiwa, na orodha ya candidates (majibu ya modeli) haipo. Swali likipita lakini kilichoandikwa na modeli kikazuiwa, candidate ipo, finishReason yake (sababu ya kumaliza) ni SAFETY, na maandishi hayamo. Msimbo unaokimbilia candidates[0] bila kuuliza chochote utaanguka katika hali ya kwanza. Katika hali ya pili utaanguka pia, au uonyeshe nafasi tupu.

Mfikirie mtu anayeandika kwamba amechoka kuishi. Kichujio kinazuia, na programu inamletea kiputo cheupe kisicho na neno hata moja. Kwake yeye, programu imemsikia ikanyamaza. Ndiyo maana nashikilia kwamba tawi la SAFETY liandikwe kabla ya lile la jibu zuri: ujumbe mfupi, wa upole, unaosema jibu halikuweza kutolewa, na panapohusu kujidhuru, maelekezo ya kumfikia binadamu anayeweza kusaidia. Ni mistari kumi ya msimbo, na hakuna sababu ya kuiahirisha.

Wala usidhani ukishajifunza huduma moja umezijua zote. Huduma ya OpenAI iliyo ndani ya Azure, wingu la Microsoft, hurudisha hali ya 400 (kosa) yenye neno content_filter pale swali linapozuiwa, ila jibu likizuiwa hurudisha 200, na finish_reason ndiyo inayobeba neno hilo. API ya moderation ya OpenAI yenyewe haizuii kitu: unaipelekea maandishi, inakurudishia flagged ya kweli au si kweli, pamoja na alama ya kila aina ya hatari kati ya 0 na 1. Uamuzi wa kuzuia au kuachilia unabaki mikononi mwako.

"Kichujio hupima ubaya wa maneno."

Inategemea ni kichujio cha nani. Azure hupima ukali: salama, chini, wastani, juu. Mipangilio ya Gemini hupima uwezekano kwamba maandishi ni ya hatari, kwa daraja nne: NEGLIGIBLE, LOW, MEDIUM na HIGH. Tofauti hii si ya kinadharia tu. Tusi jepesi la moja kwa moja laweza kupewa HIGH, kwa kuwa hakuna shaka kwamba ni tusi. Kitisho kizito kilichofungwa kwa lugha ya adabu chaweza kupewa LOW, kwa kuwa mashine haina hakika na inachokisoma. Anayechagua kizingiti (kiwango ambacho kuzuia huanzia) akidhani anapanga ukali atashangaa kuona vitu vyepesi vinanaswa na vizito vinapita.

Hapo hapo kuna kosa jingine, la kusoma majina haraka. BLOCK_ONLY_HIGH, mojawapo ya thamani za kizingiti cha Gemini, huonekana kali kuliko zote kwa sababu ya neno la mwisho. Ukweli ni kinyume chake: huzuia yale tu yenye uwezekano wa juu, na mengine yote huyaacha yapite. Kali kuliko zote ni BLOCK_LOW_AND_ABOVE.

Na kali si lazima iwe bora. Programu ya afya yenye kizingiti hicho inaweza kumkatalia mama anayeuliza kuhusu maumivu ya matiti, au kijana anayeuliza dozi gani ya dawa inadhuru ili ajihadhari. Walionyimwa maarifa wanayoyahitaji nao wamedhurika, ingawa hakuna kumbukumbu ya mfumo itakayowahesabu kama waathirika.

"Nisipoandika mpangilio wowote, ulinzi wa kawaida upo."

Chaguo-msingi linaweza kubadilika kutoka toleo moja la modeli hadi jingine. Kwa Gemini 2.5, chaguo-msingi la vichujio hivi vinavyorekebishika ni kuzimwa. Tena ukitaja aina moja tu ya hatari, nyingine hubaki kwenye chaguo-msingi lake. Andika zote waziwazi: chuki, unyanyasaji, maudhui ya ngono, maudhui hatarishi. Na kwa anayetuma JSON moja kwa moja, safetySettings (mipangilio ya usalama) hukaa sambamba na contents (ujumbe wenyewe), nje ya generationConfig (mipangilio ya uandishi wa jibu).

"BLOCK_NONE inafungua kila mlango."

Haifungui. Inazima uzuiaji wa vichujio vinavyorekebishika pekee. Ulinzi dhidi ya maudhui yanayohatarisha watoto uko nje ya mipangilio hiyo, na haurekebishiki. Zaidi ya hapo, modeli yenyewe imefunzwa kukataa baadhi ya mambo. Kukataa huko huja kama maandishi ya kawaida, finishReason ikiwa STOP, yaani modeli imemaliza kwa kawaida. Kwa hiyo kuna mazuio mawili tofauti: kichujio kinachoondoa maandishi, na modeli inayosema "samahani, siwezi". Nimeona watu wakilegeza vizingiti hadi mwisho, wakilalamika kwamba havifanyi kazi, kumbe kilichowakatalia hakikuwa kichujio tangu mwanzo. Kabla ya kugusa mpangilio wowote, soma finishReason na safetyRatings (alama za kila aina ya hatari). Ndizo zinazokuambia ni nani aliyezuia, na kwa aina gani ya hatari.

"Kilichozuiwa hakijaonekana na mtu."

Si hivyo ukitumia utiririshaji, yaani jibu likija kipande kwa kipande linapoandikwa. Vipande vya mwanzo vinaweza kuwa vimeshafika kwenye skrini pale kipande cha mwisho kinapoleta SAFETY. Kama maudhui yako ni nyeti, kusanya jibu zima kwanza ndipo ulionyeshe, au andaa msimbo unaofuta kilichotangulia.

Lingine la haraka: kichujio hakijui ukweli. Jibu la uongo lililoandikwa kwa heshima linapita bila kuguswa.

"Kinachofanya kazi kwa Kiingereza kitafanya kazi kwa lugha yoyote."

Nyaraka za Azure zinazitaja lugha 8 ambazo vichujio vyake vimefunzwa na kujaribiwa kwazo mahususi: Kiingereza, Kijerumani, Kijapani, Kihispania, Kifaransa, Kiitaliano, Kireno na Kichina. Kiswahili hakimo. Haimaanishi kwamba hakitambuliwi, ila ubora unaweza kutofautiana, na nyaraka hizo hizo zinamwachia msanidi jukumu la kujipimia. Basi tunga sentensi zako za majaribio kwa lugha ya watumiaji wako: vitisho vya mafumbo, matusi yanayozunguka mitandaoni wakati huu, maswali halali ya afya yenye maneno makali, na kilio cha mtu aliyekata tamaa. Zipitishe kwenye ombi lile lile programu yako inalotuma, hifadhi alama zilizorudi, na uzirudie kila unapobadilisha toleo la modeli.