Faulo na penalti: kosa na adhabu yake

Faulo ni kosa analomfanyia mchezaji mpinzani wake wakati mpira unachezwa: kumpiga ngwala, kumsukuma, kumvuta jezi, kumpiga kiwiko. Kunawa mpira, yaani kuucheza kwa mkono, nako huadhibiwa vivyo hivyo. Penalti si kosa, ni adhabu. Tukiwa kwenye kibanda umiza na jamaa wote wanapiga kelele "penalti!", kwa kawaida hapo ndipo mambo haya mawili huchanganywa.

Kinachozaa penalti ni mahali. Rafu ambayo katikati ya uwanja ingetoa mpira wa adhabu wa moja kwa moja, beki akiicheza ndani ya kumi na nane yake, yaani lile eneo linaloishia mita 16.5 kutoka mstari wa goli, hutoa mkwaju wa mita 11. Na mahali panapoangaliwa ni pa kosa, si pa mpira. Mpira unaweza kuwa huko mbali katikati ya uwanja. Beki akimtandika mshambuliaji ndani ya eneo lake na mchezo haujasimama, hiyo ni penalti. Hata mstari wa kumi na nane ni sehemu ya eneo.

Ila si kila kosa la humo ndani ni penalti. Tangu 1992 kipa haruhusiwi kudaka mpira aliorudishiwa makusudi kwa mguu na mwenzake. Akiudaka, mwamuzi hutoa mpira wa adhabu na kunyoosha mkono juu, ishara kwamba mpira huo lazima uguswe na mchezaji wa pili ndipo goli likubalike.

Kadi ni hesabu nyingine. Faulo nyingi hazina kadi kabisa. Mwaka 2016 sheria ililegezwa kidogo: beki aliyeuwania mpira kweli, akamwangusha mshambuliaji aliyekuwa anakwenda kufunga, akisababisha penalti hupewa njano badala ya nyekundu, kwa kuwa penalti imeshairudisha nafasi iliyopotea. Akimvuta jezi, au akinawa kwa makusudi kuzuia goli, nyekundu iko palepale.

Kwangu mimi neno hilo, nafasi, ndilo la kushika. Penalti hurudisha nafasi ya kufunga. Goli lenyewe hairudishi.

Julai 2, 2010, Soccer City, Johannesburg, robo fainali ya Kombe la Dunia. Ghana na Uruguay ziko 1-1, dakika za nyongeza zinakatika. Dominic Adiyiah wa Ghana anapiga kichwa, kipa ameshapitwa, mpira unakwenda wavuni. Luis Suárez, mshambuliaji wa Uruguay aliyesimama kwenye mstari wa goli, anauzuia kwa mikono miwili. Mwamuzi anatoa kadi nyekundu na penalti, na kwa sheria amefanya kila alichotakiwa kufanya. Asamoah Gyan wa Ghana anapiga, mpira unagonga mtambaa panya, ule mwamba wa juu wa goli, na kupaa. Yakaja matuta, yaani penalti za kupokezana za kuamua mshindi, Gyan akarudi kupiga la kwanza la Ghana na akafunga, ujasiri ambao sijausahau. Uruguay ikashinda 4-2.

Katika raga, mchezo ambao Wakenya wanaujua vizuri, mambo yangekwenda tofauti. Rafu ikizuia trai, yaani bao la kuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, ambayo ingefungwa, mwamuzi huitoa trai hiyo mwenyewe, na timu hupata alama 7 bila hata kupiga teke. Kikapu nacho ni hivyo: beki akiugusa mpira uliorushwa ukiwa unashuka kuelekea kwenye ringi, alama zinahesabiwa. Naamini soka ingefaa kuazima kanuni hiyo kwa tukio moja tu, la mchezaji asiye kipa kuzuia kwa mkono, makusudi, mpira unaovuka mstari.

Suárez aliikosa nusu fainali kwa kadi ile, na Uruguay ikafungwa 3-2 na Uholanzi. Afrika ilingoja nusu fainali yake ya kwanza mpaka Morocco, mwaka 2022.