Je, wajua kwa nini eneo lenye ukingo uliopinda hupatikana kwa kutoa namba mbili tu?

Anayeanza kujifunza integrali yenye mipaka hufundishwa hivi: ukitaka eneo lililo chini ya grafu ya y = x², kuanzia x = 0 hadi x = 3, chukua x³/3. Weka 3, unapata 9. Weka 0, unapata 0. Toa. Jibu ni 9.

Wengi hupata vema na kusonga mbele bila kuuliza swali lililo tamu zaidi. Ukingo wa eneo hilo unapanda na kupinda njia nzima. Imekuwaje tukatazama ncha mbili tu, ya katikati yote tukayaacha, na jibu bado likawa sahihi kabisa?

Tuanze na njia ndefu. Gawa umbali kutoka 0 hadi 3 katika vipande vitatu, na juu ya kila kipande simamisha mstatili. Mistatili mirefu, inayopita juu ya grafu, ina jumla ya 1 + 4 + 9 = 14. Mifupi, inayobaki chini yake, ina 0 + 1 + 4 = 5. Kwa hiyo eneo liko kati ya 5 na 14, jambo lisilotusaidia sana. Vipande vikiwa 30, tunapata kati ya 8.555 na 9.455. Vikiwa 300, kati ya 8.95505 na 9.04505. Namba pekee isiyobanwa nje, hata ukigawa mara ngapi, ni 9. Hiyo ndiyo maana yenyewe ya integrali: namba ambayo jumla za mistatili zinaikaribia. Hata alama yake, ∫, ni herufi S iliyorefushwa, ya neno la Kilatini summa, yaani jumla. Leibniz, mwanahisabati wa Ujerumani, aliiandika Oktoba 1675.

Sasa njia ya mkato. Fikiria dashibodi ya gari. Mshale unaonyesha kasi, na pembeni kuna namba ya kilomita ambazo gari limetembea tangu liundwe. Ukichora grafu ya kasi dhidi ya muda, eneo lililo chini yake ni umbali, maana kila ukanda mwembamba ni kasi mara muda kidogo. Lakini nani anahangaika kujumlisha kanda? Unasoma kilomita ukifika, unatoa zile za wakati wa kuondoka, basi. Foleni na miteremko yote ya njiani imo tayari ndani ya namba ile, kwa sababu ilikuwa ikijumlisha muda wote.

Kwa y = x², x³/3 ndiyo namba ya kilomita. Hakiki mwenyewe: sogeza x mbele kwa h kidogo, na x³/3 inaongezeka kwa x²h + xh² + h³/3. Gawanya kwa h: x² + xh + h²/3. Kadiri h inavyopungua kuelekea sifuri, inabaki x². Na eneo je? Ukilisogeza mbele kwa h, linaongeza ukanda wenye upana h na kimo kinachokaribia x², kwa hiyo nalo linakua kwa kasi ileile. Vitu viwili vinavyokua kwa kasi moja kutoka sehemu moja hupata ongezeko moja. Isaac Barrow wa Cambridge aliuona uhusiano huu kwa njia ya jiometri. Newton na Leibniz ndio walioufanya kuwa kanuni ya kukokotolea.

Angalizo moja: sehemu iliyo chini ya mhimili wa x huhesabiwa kuwa hasi. Ndiyo maana integrali ya sin x kutoka 0 hadi 2π ni sifuri, ingawa grafu yake ina mabonde na vilima vinavyoonekana wazi. Ukitaka eneo halisi, kokotoa kila upande peke yake, ondoa alama ya hasi, kisha jumlisha.

Na njia ya mkato haipatikani kila mara. Kwa e kipeo −x² (e ni namba maalumu, takriban 2.718), ile inayochora umbo la kengele katika takwimu, imethibitishwa kwamba hakuna fomula ya kawaida ya kucheza nafasi ya x³/3. Hapo kompyuta hurudi kwenye kanda, ila kwa ujanja kidogo: badala ya mistatili, huweza kutumia trapeza, yaani kanda zenye kichwa kilichoinama kufuata grafu. Ukijaribu kwa x² na vipande 30, trapeza zinatoa 9.005, wakati mistatili mirefu ilitoa 9.455 kwa kazi ileile.