Fulu wa Nyumbani: Kibali Kwanza, Maji Pili, Samaki Mwisho

Malalamiko yanayotufikia kuhusu fulu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria na maziwa jirani, wanaofugwa nyumbani karibu yote ni yale yale: samaki walitoka ufuoni wazima, siku chache baadaye wakaelea. Lawama huangukia chakula, au mvuvi. Kinachowaua ni amonia inayotokana na kinyesi chao, na katika maji ya vuguvugu yenye alkali, ambayo ndiyo makao yao, sumu hiyo huzidi ukali.

Tangi la lita 200 linatosha dume mmoja na majike watano wa aina moja. Panga mawe ya kujifichia, washa pampu ya hewa yenye chujio la sifongo, kisha nyunyiza chembe za chakula kila siku kwa wiki 4 hadi 6 bila samaki yeyote. Bakteria wanaomeza amonia hujenga makao ndani ya sifongo. Amonia na nitraiti (sumu nyingine ambayo bakteria hao huitengeneza kutokana na amonia) zikipima sifuri, sasa leta samaki. Maji ya mfereji yana klorini. Yaache ndooni saa 24 bila kifuniko. Badilisha lita 50 kila wiki, na sifongo ikamulie katika maji uliyoyatoa tangini. Ukiiosha mferejini umewaua bakteria, na umerudi mwanzo. Stima ikipotea bakteria nao hukosa hewa, hivyo nunua pampu ya betri. Nakuru kuna baridi usiku: weka hita, nyuzi 25.

Kuhusu kibali. Nchini Kenya uvuvi unasimamiwa na sheria ya mwaka 2016. Kabla ya kununua, mwone afisa wa uvuvi wa kaunti ukiwa na kitambulisho, jina la ufuo, aina na idadi ya samaki, na mahali tangi litakapokaa. Subiri maandishi, ruhusa ya mdomo kutoka BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuo) haitoshi. Mkiukaji hukabiliwa na faini, kifungo au vyote viwili. Kuvua kwa chandarua cha mbu ni kosa hata ukinasa fulu watatu, na "ni samaki wa mtoto tu" si utetezi. Ziwa Nakuru limo ndani ya hifadhi ya taifa: usiguse samaki wake.

Na tafadhali, kumrudisha fulu ziwani si kumhurumia. Fulu wa aina tofauti huzaliana kwa urahisi, na tangi hubeba magonjwa. Ziwa Kanyaboli, Siaya, limehifadhi fulu na ngege (aina ya tilapia) wa asili waliotoweka kwingi baada ya mbuta, samaki mkubwa mla samaki, kuletwa Ziwa Victoria. Machotara wachache wanaweza kuharibu kizazi hicho. Fulu wakizidi tangini, mpe mfugaji mwenye kibali au mwarifu afisa. Aliyekufa azikwe, asitupwe mtoni.